Hema la Bei Poa kutoka Moshi hadi Pangani

Mahema mengi ya Mlima Kilimanjaro yametengenezwa kwa ajili ya mgongo wa mtu mwingine. Anayelala ndani ni mgeni, lakini anayelibeba ni mgumu, kama wapagazi wa mlimani wanavyoitwa, na kanuni inataka mzigo wa kampuni anaobebeshwa usizidi kilo 20. Ndani ya kilo hizo, hema la kilo tano linapata nafasi yake bila ugomvi, kwa hiyo kampuni haioni sababu ya kulipia wepesi. Inalipia ugumu: kitambaa kizito, fito nene, zipu zinazovumilia vumbi la mlimani na vidole vilivyokufa ganzi saa tano usiku, watu wanapojiandaa kukiendea kilele.

Mahema hayo yakichoka mlimani hushuka mjini. Mengine huishia kwenye maduka ya kukodisha vifaa, mengine huangukia mikononi mwa wauza mitumba. Ndiyo maana mtu anayetaka hema la bei poa Tanzania Kaskazini huambiwa aende Moshi. Ushauri huo ni mzuri, ila kwa mwendesha baiskeli una mtego ndani yake, kwa sababu kilichopo kwa wingi ni kile ambacho mgumu alikibeba na wewe hutaki kukibeba.

Nilikuwa na safari ya Julai: Moshi, Same, Mombo, kupanda Lushoto, kushuka tena hadi Tanga na kumalizia Pangani. Baiskeli yangu ni ya kawaida tu, fremu ya chuma, usukani ulionyooka, keria nyuma iliyochomelewa na fundi wa mtaani. Bajeti ya hema ilikuwa shilingi laki moja na nusu. Kwa fedha hiyo, jipya la maana halipatikani. Mahema mepesi ya Kichina yanayosifiwa na waendesha baiskeli wengi duniani, kama Cloud Up ya Naturehike, huuzwa karibu dola 100, na hapo bado hujalipa usafirishaji na ushuru. Yale ya Marekani yenye majina makubwa hupita dola 400 bila kupepesa. Nikaenda Memorial.

Soko la Memorial wakazi wa Moshi wanalijua kwa nguo na viatu. Vifaa vya mlimani vimejichanganya humo humo. Unapekua jaketi za mvua unakuta begi la kulalia. Muuzaji wa kwanza alinitandazia hema la rangi ya chungwa juu ya rundo la jinzi, akalipiga kofi kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Kaka, hili ni la wazungu wa mlimani. Halipitishi hata tone."

"Naomba nilinuse kwanza."

Alicheka, lakini hicho ndicho kipimo cha kwanza cha hema lililotumika, na hakuna kinachokizidi. Mahema mengi ya bei ya chini na ya kati huzuia maji kwa utando wa polyurethane uliopakwa upande wa ndani wa kitambaa. Utando huo hauzeeki kwa kutumika peke yake. Unaharibiwa na unyevu. Hema likikunjwa bichi na kuwekwa stoo, maji huanza kuuvunjavunja polepole mpaka unanata mkononi, unabanduka vipande vyeupe, na kutoa harufu chachu isiyotoka hata ulifue mara ngapi. Hakuna dawa. Mtu atakwambia upake silikoni, lakini silikoni haikamati vizuri juu ya utando unaobomoka. Hema linalonata mwache nalo mwenyewe.

La chungwa halikunuka. Fito zake zilikuwa za alumini, zipu zilikwenda, na utepe wa kuziba mishono ulikuwa bado umeshika kona zote. Kwa mtu mwenye gari lingekuwa bahati. Jirani yetu, mama mmoja wa maharage, alikuwa na mizani ya kuning'iniza, nikamwomba. Kilo tano na robo. Mama akasoma mshale, akaniangalia, akaiangalia baiskeli.

"Hilo si ungebeba maharage tu, baba?"

Lililonivutia lilikuwa chini kabisa ya rundo: kijivu, la watu wawili, tabaka mbili, limefungwa ndani ya mfuko wenye karatasi iliyosema kilo 1.8. Mizani ilisema 2.3. Karatasi haikuwa imedanganya sana. Watengenezaji wengi hutangaza uzito wa chumba cha ndani, turubai la nje na fito peke yake. Vigingi, kamba, mifuko na kiraka havimo kwenye hesabu. Ukiona namba moja tu imeandikwa, jua ni ile ndogo. Nililitoa lote, nikalisimamisha pale pale kati ya suruali na mabegi, nikalala ndani kupima urefu wangu huku watoto wakihesabu vidole vyangu kupitia wavu. Tulianzia laki moja na elfu themanini, tukamalizana kwa laki moja na ishirini.

Hapa niseme jambo ambalo wauzaji wa vifaa vya gharama hawapendi kulisema. Mwendesha baiskeli si mpanda mlima. Anayebeba mzigo begani ana haki ya kuhesabu kila gramu, kwa sababu kila gramu iko kwenye magoti yake. Mzigo wa baiskeli uko kwenye magurudumu. Kwenye tambarare, kilo moja zaidi huisikii kabisa ukishaanza kwenda. Unaisikia kwenye mlima, na hata huko inahesabika: mimi, baiskeli, maji na mizigo yote tulikuwa karibu kilo 100, kwa hiyo kilo moja ya hema ni asilimia moja ya kazi ya kupanda. Mlima wa saa tatu na nusu unarefuka kwa dakika mbili hivi. Dola 300 za ziada kwa ajili ya kuokoa dakika mbili ni anasa, na mwenye nazo azitumie kwa raha zake. Sisi wengine tuangalie mambo mengine.

Kusafiri kwa baiskeli na hema si jambo geni. Kupiga kambi kwa starehe, yaani si kwa vita wala ufugaji wala uwindaji, kulikuzwa sana na waendesha baiskeli. Thomas Hiram Holding, fundi cherehani wa London, alikwenda na wenzake magharibi mwa Ireland kwa baiskeli wakiwa na mahema yao, akaandika kitabu kuhusu safari hiyo kilichotoka mwaka 1898. Mwaka 1901 ikaundwa Association of Cycle Campers, chama ambacho leo ni Camping and Caravanning Club ya Uingereza, na mwaka 1908 Holding akatoa mwongozo mzima wa kambi. Ninachompendea ni kazi yake ya kila siku. Alikuwa mshonaji, alijua kitambaa kwa vidole, akabuni hema dogo la kukunjika linaloingia kwenye mzigo wa baiskeli. Hakusubiri kampuni imwambie anachohitaji. Mafundi cherehani wetu wa barazani, wanaobadilisha zipu za mabegi kwa elfu tatu, wana karibu ujuzi wote unaotakiwa, na mmoja wao pale Moshi alinishonea mfuko mpya wa fito kabla sijaondoka.

Mfuko ule ulikuwa na sababu. Fito za mahema ya kawaida zikikunjwa hubaki na urefu wa sentimita 40 hadi 50. Baiskeli za mbio zina usukani uliopinda, na nafasi kati ya pembe zake ni finyu, kwa hiyo hema lenye fito ndefu haliingii pale mbele. Kampuni zimetengeneza mahema maalumu ya baiskeli yenye fito za vipande vya sentimita 30 hivi, na bei ikapanda. Lakini hakuna sheria inayosema fito na kitambaa vikae mfuko mmoja. Mimi nilifunga fito kwenye bomba la juu la fremu kwa vipande vya tyubu kuukuu, kitambaa kikaenda kwenye keria ndani ya kiroba. Mwenye usukani ulionyooka na keria hana haja ya kulipia tofauti hiyo hata shilingi.

Kutoka Moshi hadi Same ni kama kilometa 100 za lami. Unapita Himo, unapita Mwanga, Milima ya Upare iko kushoto muda wote, na kulia tambarare inateremka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Mvua za Bahari ya Hindi humwagika upande wa mashariki wa milima. Upande huu wa barabara hubaki na ukame, miiba na upepo. Mwezi wa Julai kusi inavuma, na anayekwenda Same anakutana nayo uso kwa uso. Kuanzia saa nane mchana nilikuwa natumia gia za kupandia mlima kwenye barabara iliyolala kabisa.

Jioni ya pili, mbele ya Same, niliingia kijijini kuomba mahali pa kulala. Shule ilikuwa imefungwa, mwalimu mkuu alikuwa anamwagilia miche ya miti nyuma ya darasa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, umetoka wapi na huu upepo?"

Nilimweleza. Akauliza kama Same nimekosa gesti, swali la haki, kwa sababu gesti za bei nafuu katika miji ya barabara hii hazikosekani, na mara nyingi kitanda chenye neti na ndoo ya maji ya moto kinashinda hema lolote. Nilimwambia Same nimeipita mapema, na mji unaofuata ni mbali kwa miguu yangu. Akampigia simu mtendaji wa kijiji. Mtendaji akataka kuongea na mimi, akauliza jina, kazi, na kama mimi ni wa mlimani. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa rahisi. Usipige hema pembeni ya kijiji kwa kujificha. Kibali cha mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji kina ulinzi kuliko kufuli yoyote utakayonunua.

Uwanja wa shule ndipo hema linapojulikana. Udongo umekanyagwa na viatu vya watoto miaka na miaka, umekuwa simenti. Vigingi vyembamba vya alumini vilivyokuja na hema vilipinda viwili kwa mpigo. Hapa ndipo mahema mepesi kuliko yote yanaposhindwa, yale yasiyosimama bila kukitwa chini. Moja linalopendwa sana kwa bei yake, Lanshan ya kampuni ya 3F, lina uzito wa kilo moja na ushee, lakini linasimamishwa kwa fimbo za kutembelea mlimani. Mwendesha baiskeli hana fimbo. Akinunua nguzo za kuziba pengo hilo, nusu ya wepesi aliolipia imeondoka, na bado kila kitu kinategemea vigingi vishike. Juu ya uwanja wa shule, juu ya baraza la simenti, juu ya mwamba, havishiki.

Hema langu lilisimama kwa fito zake lenyewe. Vigingi nilihitaji vinne tu vya kulizuia lisipeperuke, na kwa hilo nilikuwa na misumari ya inchi sita kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Ni mizito kidogo, lakini inaingia popote jiwe linapoipigia, na ukipoteza mmoja unanunua mwingine Mombo. Upande wa upepo niliilaza baiskeli, nikafunga kamba ya hema kwenye fremu. Kuna njia nyingine waliyonifundisha mafundi baiskeli: spoki kuukuu, kata ncha, kunja kichwa kwa koleo, unapata kigingi chembamba cha chuma kigumu kuliko cha dukani, na fundi hachukui hata senti.

Kabla ya kulala nilitandika chini viroba viwili vilivyofumuliwa na kushonwa pamoja. Wenzetu hununua shuka maalumu la chini la hema lao kwa bei ya kuku wawili au watatu. Viroba vya unga vinafanya kazi ile ile. Adui wa barabara ya Upare ni mbigiri, ule mwiba mdogo wenye pembe unaotoboa tairi. Umelala kila mahali kwenye udongo mkavu, na sakafu ya hema jepesi haina ubavu nao. Asubuhi nilitoa mbigiri saba kwenye kiroba. Sakafu ilikuwa nzima.

Neno moja kuhusu hiyo sakafu, kwa sababu ndipo namba za kwenye karatasi zinapomchanganya mnunuzi. Utaona imeandikwa milimita 1,500, 3,000, wakati mwingine 5,000. Ni kimo cha nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuistahimili kabla ya kuvuja. Kwa paa, 1,500 inatosha mvua ya kawaida, na mishono iliyozibwa ni muhimu kuliko kuongeza namba. Kwa sakafu ni habari nyingine, kwa sababu goti au kiwiko kinachokandamiza ardhi yenye maji husukuma kwa nguvu kuliko tone linaloanguka. Ukiambiwa uchague kimoja kati ya paa la namba kubwa na sakafu ya namba kubwa, chukua sakafu.

Mombo ni joto na mabasi na mama wauza machungwa. Kutoka pale barabara inageuka kushoto na kuanza kupanda Usambara, zaidi ya kilometa 30 hadi Lushoto, na unapanda karibu mita 1,000. Lami ni nzuri, kona ni nyingi, na madereva wa kule wanapiga honi kabla ya kila kona kwa nidhamu ambayo sijaiona kwingine. Nilisimama Soni kuangalia maporomoko na kunywa chai. Hema sikulifikiria hata mara moja wakati wa kupanda. Nililofikiria ni chupa tatu za maji nilizojaza Mombo kwa woga wa kiu, kilo zaidi ya tatu na nusu, wakati vijiji vyenye bomba vimepangana njia nzima.

Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, wakaikimbilia kwa ajili ya baridi yake, na baridi hiyo bado ipo. Julai ukungu unaingia mjini jioni na kukaa. Nilipiga hema upande wa Irente, mahali wanaporuhusu wageni kupiga kambi, kwenye nyasi zilizolowa tayari. Usiku kucha hapakunyesha hata tone, na alfajiri turubai la nje lilikuwa linatiririka upande wa ndani.

Watu wengi wanaoliona hilo kwa mara ya kwanza huapa kwamba hema linavuja. Halivuji. Pumzi ya mtu ina mvuke. Turubai linapozwa na anga la usiku mpaka linakuwa baridi kuliko hewa, na mvuke unaoligusa unageuka maji. Namba ya milimita 10,000 haikusaidii hapo, kwa sababu maji yametoka kwako. Kinachosaidia ni tabaka mbili: wavu wa ndani ukutenganishe na turubai lililolowa, na hewa ipite kati yake. Ndiyo maana hema la tabaka moja, hata liwe jepesi na la bei ndogo namna gani, silishauri kwa nchi yenye Lushoto na Pangani kwenye barabara moja. Fungua matundu ya juu hata kama kuna baridi, vaa sweta. Na ukipata nafasi chini ya mti wenye majani mengi, piga pale kuliko katikati ya uwanja; majani yanalikinga turubai lisipoe sana, na utaamka na maji kidogo.

Kulikuwa na dada mmoja wa Kisambaa anayepika uji na maandazi karibu na pale. Aliniona nikilifuta turubai kwa kitambaa na kulikamua, akaniambia nilitundike kwenye kamba yake ya nguo, jua likitoka saa nne litakauka. Nilimwambia nina haraka ya kushuka. "Haraka ya nini na wewe hujanywa uji?" Nikakaa. Turubai lililolowa linaweza kuongeza robo kilo na zaidi kwenye mzigo, na likikunjwa hivyo kila siku ndiyo safari ya kuelekea kwenye ile harufu ya Memorial. Saa nne na nusu lilikuwa kavu.

Kwenye kamba ile nililiangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Moshi. Kitambaa ni poliesta, kile ambacho wajuzi wa vifaa hukidharau kwa sababu nailoni yenye silikoni ni nyepesi na imara zaidi kwa uzito ule ule. Ila nailoni hunywa maji na kulegea. Hema ulilolivuta vizuri jioni linakuwa limebweteka usiku wa manane, na unatoka na tochi kulikaza. Poliesta hailegei hivyo, na jua la kitropiki inalivumilia vizuri zaidi. Kwa hiyo kitambaa cha bei rahisi ndicho kinachotufaa, jambo ambalo halitokei mara nyingi katika biashara hii. Hata hivyo jua linaharibu vyote viwili. Hema linaloachwa limesimama mchana kutwa linazeeka upesi, asubuhi livue.

Kutoka Mombo kwenda chini, Korogwe, Segera, Muheza, ni mkonge, michungwa na malori. Sina mengi ya kusema kuhusu hema huku kwa sababu sehemu mbili nililala gesti, na ya pili ilikuwa na neti yenye tundu la kupita panya. Nilisimamisha chumba cha ndani juu ya kitanda, fito na wavu tu bila turubai, nikalala humo. Mhudumu alipoleta maji asubuhi alisimama mlangoni muda mrefu. Hema linalosimama lenyewe lina matumizi hayo pia: ni chandarua cha kutembea nacho. Hakikisha tu wavu ni mwembamba wa kuzuia mbu na usubi, na kwamba umeenea pande zote. Kuna mahema ya bei poa yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, yenye ukuta wa kitambaa kuanzia chini hadi juu na kidirisha cha wavu ukubwa wa daftari. Muuzaji atakusifia kwamba lina joto. Tanga huhitaji joto la kununua.

Kusini mwa Tanga, kama kilometa 50, ndiko Pangani, na mchanga wake ukanionyesha mwisho wa misumari yangu. Inaingia kama kwenye siagi na kutoka vivyo hivyo. Kijana mmoja mvuvi alinionyesha wanavyofanya wao na kamba za maturubai: jaza mchanga kwenye kiroba, funga kamba katikati yake, kifukie chini kina cha mkono mmoja. Viroba vyangu vya sakafuni vikafumuliwa tena, vikawa nanga. Upepo wa bahari ulivuma usiku kucha, turubai la nje nililikunja nusu ili hewa ipite, nikalala nikisikia madau yakigongana mtoni.

Ukitaka kununua, basi, haya ndiyo maoni yangu kwa bei zetu. Tafuta la watu wawili hata kama unasafiri peke yako, kwa sababu mizigo ya baiskeli nayo inalala ndani, na la mtu mmoja mara nyingi huokoa gramu mia tatu tu. Kilo mbili hadi mbili na nusu kwa mizani ya mama wa maharage ni uzito mzuri kabisa. Ukipata chini ya hapo kwa bei hiyo hiyo, chunguza kilichopunguzwa. Fito ziwe za alumini; za faibaglasi hupasuka nyufa kwa urefu, na vinyuzi vyake vikikuingia kidoleni utavikumbuka wiki nzima. Lisimame lenyewe, liwe na tabaka mbili, wavu mwingi, sakafu nzito kuliko paa. Rangi achana na chungwa, isipokuwa unapenda kuamshwa na kijiji kizima. Na fedha iliyobaki usiiongeze kwenye hema. Nunua tairi nzuri la nyuma.

Ukienda Moshi, nenda Aprili au Mei. Mvua za masika zinapunguza wapanda mlima, wauzaji wana muda, na hakuna atakayekukatalia kulisimamisha hema na kulala ndani kabla ya kulipa. Akikataa, nenda kwa jirani yake.